Kitabu Kisicho na Msomaji

Hotuba kwa viongozi wa walei juu ya vitabu vya dini na elimu ya Wayahudi chini ya utawala wa Kisovieti



Katika mafundisho haya ya haki na amani tumezoea kuzungumza juu ya ardhi, mishahara, mahakama na uchaguzi. Leo tunaomba tuzungumze juu ya vitabu. Tena vitabu hivyo si vyetu. Ni vya watu wa dini nyingine, katika nchi za mbali, chini ya dola ambayo haipo tena tangu mwaka 1991.

Huenda baadhi yenu mtauliza: Yatuhusu nini? Wahenga walikwisha kujibu: Mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Yaliyowapata Wayahudi wa Umoja wa Kisovieti yanatufundisha jinsi uhuru wa dini unavyoweza kuuawa polepole, kwa sheria na kwa mihuri, huku katiba ikiendelea kuutaja. Yanatufundisha pia jinsi mtu mmoja wa kawaida, katika kazi yake ya kila siku, anavyoweza kuokoa kilicho cha jirani yake.

1. Kitabu katika maisha ya Wayahudi

Tangu Warumi walipobomoa Hekalu la Yerusalemu mwaka 70, Wayahudi hawakuwa tena na madhabahu ya kutolea sadaka. Kilichobaki mikononi mwao ni Maandiko na elimu ya Maandiko. Torati huandikwa kwa mkono juu ya ngozi na husomwa katika sinagogi sehemu kwa sehemu, juma kwa juma, mpaka imalizike na kuanzwa upya. Pembeni ya Torati ipo Talmudi, yaani mkusanyiko mkubwa wa mijadala ya walimu wa kale juu ya sheria na maisha. Ukifungua ukurasa wa Talmudi utaona maandishi ya kale katikati, na maelezo ya walimu wa vizazi vya baadaye yameyazunguka kama wazee waliokaa barazani. Kwa desturi husomwa na watu wawili wawili wakihojiana, wakiwa na mwalimu wa kuwaongoza. Tena kitabu kitakatifu kikichakaa hakitupwi jalalani. Huwekwa mahali maalumu au huzikwa makaburini, kwa heshima ya jina la Mungu lililomo.

Kwa hiyo elimu hiyo inasimama juu ya mafiga matatu: kitabu, mwalimu na mtoto. Ukiondoa figa moja, chungu huanguka. Tunawaomba mkumbuke mfano huu, kwa kuwa tutaurudia.

Katika Dola ya Urusi elimu hiyo ilikuwa imestawi sana. Sensa ya mwaka 1897 ilihesabu humo Wayahudi zaidi ya milioni tano. Mjini Vilnius, kiwanda cha uchapaji cha familia ya Romm kilitoa kati ya mwaka 1880 na 1886 toleo la Talmudi ambalo mpaka leo ni kielelezo kwa wachapaji duniani. Hatusemi kwamba maisha yao yalikuwa mema. Wafalme wa Urusi waliwabana katika makazi, katika masomo na katika kazi, na mara kwa mara watu wenye hasira waliwashambulia na kuwaua. Ndiyo sababu wengi walishangilia mapinduzi ya mwanzo wa mwaka 1917 yalipofuta sheria hizo za ubaguzi.

2. Jinsi mafiga yalivyoondolewa

Furaha hiyo haikudumu. Mwishoni mwa mwaka huo huo Wabolsheviki walitwaa madaraka, na mapema mwaka 1918 walitoa amri ya kutenga dini na dola, na shule na dini. Kwa nje amri hiyo yaweza kuonekana ya haki, maana nchi nyingi zimetenga dini na dola. Lakini dola hii haikutaka kukaa kando ya dini. Ilitaka dini ife.

Mwaka 1918 Chama cha Kikomunisti kiliunda idara ya Kiyahudi, iliyojulikana kama Yevsektsiya. Wakuu wake walikuwa Wayahudi wenyewe, nao walifanya kazi hiyo kwa bidii mpaka idara yao ilipovunjwa mwaka 1930. Shule ndogo za dini, ambamo mtoto alijifunza herufi na Torati, zilifungwa. Mjini Vitebsk, mwaka 1921, shule hizo zilishtakiwa hadharani kama vile mhalifu anavyoshtakiwa. Kiebrania, lugha ya Maandiko na ya sala, kilitangazwa kuwa lugha ya wapinga maendeleo. Kiyidishi, lugha ya nyumbani ya Wayahudi wengi wa huko, kiliruhusiwa kwa kuwa kilionekana kuwa lugha ya wafanyakazi. Hata hivyo, maneno yake yenye asili ya Kiebrania yaliandikwa kwa tahajia mpya, ili mtoto asitambue tena yametoka wapi.

Ndipo ikaja sheria ya tarehe 8 Aprili 1929 juu ya vyama vya dini. Sheria hii iliwahusu waamini wote, Wakristo na Waislamu pamoja na Wayahudi. Tunawaomba viongozi wetu waisikilize kwa makini. Ilikataza jumuiya ya waamini kuwa na mfuko wa kusaidiana. Ilikataza mikutano maalumu ya watoto, ya vijana na ya wanawake. Ilikataza vikundi vya kusoma Biblia na vikundi vya kazi za mikono. Ilikataza kufungua maktaba au chumba cha kusomea. Ndani ya nyumba ya sala viliruhusiwa vitabu vile tu vilivyohitajika kwa ibada. Kila mmoja wetu na ahesabu: tukiondoa hayo yote katika parokia, kitabaki nini? Zitabaki kuta nne na saa moja ya sala.

Walimu nao waliandamwa. Mwaka 1927 Rabi Yosef Yitzchak Schneersohn, kiongozi wa jumuiya ya Lubavitch, ambaye aliendesha kwa siri mtandao wa shule za dini, alikamatwa mjini Leningrad. Alihukumiwa kifo, lakini baada ya watu wa ndani na nje ya nchi kumtetea aliachiliwa, naye akaondoka nchini mwaka huo huo. Mwaka 1928 marabi wawili, Yehezkel Abramsky na Shlomo Yosef Zevin, walifaulu kutoa jarida la elimu ya Torati lililoitwa Yagdil Torah. Yalitoka matoleo mawili tu, kisha likapigwa marufuku. Abramsky alikamatwa mwaka 1929 na kupelekwa Siberia kufanya kazi ngumu. Wanafunzi wake husimulia kwamba hata huko aliendelea kuandika maelezo yake ya sheria za kale juu ya vikaratasi vya kusokotea sigara. Aliachiliwa mwaka 1931 akaenda London, na baadaye akaongoza mahakama ya marabi ya mji huo. Zevin naye aliondoka nchini. Akiwa Yerusalemu alihariri kamusi kubwa ya elimu ya Talmudi.

Hao wawili walipona. Wengine wengi hawakurudi kutoka makambini. Na mwaka 1936, wakati shule za dini zimekwisha kufungwa na uchapaji wa vitabu vya dini kwa Kiebrania umekwisha kukoma, dola ilitangaza katiba mpya ambayo ibara yake ya 124 iliwahakikishia raia uhuru wa ibada.

3. Vitabu vilivyofungwa rafuni

Tunapozungumza juu ya maadui wa vitabu, haraka tunafikiri juu ya moto. Na hapa haki yatudai tukiri jambo. Wakristo walichoma vitabu vya Wayahudi. Mwaka 1242 mjini Paris, baada ya Talmudi kushtakiwa kwa agizo la Papa, nakala zilijazwa katika mikokoteni na kuteketezwa. Tarehe 9 Septemba 1553 vitabu hivyo vilichomwa tena, safari hii katika uwanja mmoja mjini Roma. Kwa hiyo hatuzungumzi leo kama watu wasio na doa.

Dola ya Kisovieti ilikuwa na njia nyingine. Vitabu vingi vilipotea, na vingine vilipelekwa viwandani vikasagwa kuwa karatasi. Lakini vile vyenye thamani kubwa vilihifadhiwa, tena vizuri. Kilichokatazwa ni msomaji.

Tutatoa mifano mitatu. Mwaka 1915, majeshi ya Ujerumani yalipokaribia, baba yake Rabi Schneersohn alipeleka Moscow sehemu kubwa ya maktaba ya ukoo wao ili iwe salama. Vilikuwa vitabu karibu 12,000. Baada ya mapinduzi serikali ilivitwaa, vikaingia katika maktaba kuu iliyoitwa baadaye Maktaba ya Lenin. Familia ilividai bila kufanikiwa. Mwaka 1991 mahakama moja ya Moscow iliamua virudishwe kwa jumuiya ya Lubavitch, lakini uamuzi huo haukutekelezwa. Mwaka 2010 mahakama ya Marekani nayo ilitoa amri, na Urusi ikaikataa. Mwaka 2013 serikali ya Urusi ilianza kuvihamishia katika jumba la makumbusho la Wayahudi huko huko Moscow. Mzee alikuwa ameweka amana kwa miezi michache ya vita. Miaka mia moja ikapita.

Mfano wa pili ni maktaba ya Baroni David Günzburg wa St. Petersburg, aliyefariki mwaka 1910 akiacha miswada ya Kiebrania karibu 2,000 pamoja na maelfu ya vitabu vilivyochapwa. Mwaka 1917 Wayahudi walipatana na mjane wake kuinunua kwa ajili ya maktaba ya Yerusalemu. Vita na mapinduzi vikazuia safari, nayo pia ikaishia katika maktaba kuu ya Moscow. Ndipo mwaka 2017 makubaliano yalipotiwa sahihi ili miswada hiyo ipigwe picha na kusomwa na watu wote kwa njia ya kompyuta.

Mfano wa tatu watugusa sisi wenyewe. Katika maktaba kuu ya Leningrad ulihifadhiwa muswada wa Biblia ya Kiebrania ulioandikwa mjini Cairo yapata mwaka 1008. Huo ndio muswada mkongwe kuliko yote duniani ulio na Biblia nzima ya Kiebrania. Katika miaka ya 1930 maktaba hiyo iliwaazima wataalamu wa Ujerumani muswada huo, nao wakaufanya msingi wa toleo la Biblia ya Kiebrania lililotoka mwaka 1937. Matoleo yaliyofuata pia yameujenga juu yake msingi wao, na wafasiri wa Agano la Kale katika lugha nyingi za dunia hutumia matoleo hayo. Tafakarini basi, ndugu zetu. Katika mji ule ule mtoto wa Kiyahudi hakuruhusiwa kufundishwa kusoma Kiebrania, ilhali kitabu cha babu zake kililala rafuni kikiwa na namba yake, na wageni waliruhusiwa kukitumia.

Katika maktaba hizo walikuwako pia watumishi waaminifu. Mtaalamu Lev Vilsker alifanya kazi kwa miaka mingi kati ya miswada ya Leningrad, na humo akagundua mashairi ya Yehuda Halevi, mshairi mkuu wa Kiyahudi wa karne ya 12, ambayo yalikuwa hayajulikani. Lakini wataalamu wa namna hiyo walikuwa wachache, nao walizeeka bila kuruhusiwa kulea kizazi cha wanafunzi. Dola ilitunza kitabu na kuondoa mwalimu na mtoto. Mafiga mawili hayakuwepo, na chungu kilikuwa kimeanguka zamani.

4. Kanisa lililoficha vitabu vya Wayahudi

Sasa twende Vilnius, katika Lithuania. Huko, mwaka 1925, Wayahudi walikuwa wameanzisha taasisi ya utafiti iliyoitwa YIVO, yenye maktaba na kumbukumbu nyingi. Mwaka 1941 Wanazi waliuteka mji. Waliwaua Wayahudi kwa makumi ya maelfu, na wakati huo huo wakawalazimisha wasomi wa Kiyahudi kuchambua vitabu: vya thamani vipelekwe Ujerumani, vingine visagwe. Wafanyakazi hao, wapatao arubaini, waliitwa kwa utani Kikosi cha Karatasi. Waliporudi jioni katika mtaa waliofungiwa, walificha vitabu na nyaraka chini ya nguo zao na kuzipitisha mbele ya walinzi, huku wakijua kwamba wakikamatwa watauawa. Wengi wao hawakuona mwisho wa vita. Washairi Abraham Sutzkever na Shmerke Kaczerginski walikimbilia msituni kwa wapiganaji, wakarudi mwaka 1944 mji ulipokombolewa. Walifukua walivyovificha, wakaanzisha jumba la makumbusho la Kiyahudi.

Punde waligundua kwamba utawala mpya wa Kisovieti nao haukuvitaka vitabu hivyo. Wakaondoka nchini mwaka 1946, wakichukua walichoweza. Mwaka 1949 makumbusho yalifungwa.

Hapo ndipo anapotokea mtu tunayetaka mmkumbuke. Jina lake ni Antanas Ulpis. Hakuwa Myahudi. Alikuwa Mlithuania, mkurugenzi wa ofisi ya serikali iliyokusanya nakala za kila chapisho la nchi. Ofisi hiyo ilitumia kama ghala lake Kanisa la Mtakatifu George, lililokuwa la watawa Wakarmeli kabla serikali haijalitwaa. Ulpis alichukua vitabu na nyaraka za Wayahudi zilizokuwa hatarini, akaziweka humo kanisani katikati ya marundo ya karatasi nyingine. Hakutangaza, wala hakuomba sifa. Kama angegunduliwa, cheo chake kingepotea, na huenda uhuru wake pia. Alifariki mwaka 1981, kabla ulimwengu haujajua alilofanya. Habari zake zilianza kujulikana mwishoni mwa miaka ya 1980. Mwaka 2017 zilitangazwa kurasa nyingine zipatazo 170,000 zilizokuwa hazijatambuliwa hapo awali.

Kanisa lililonyang'anywa waamini wake likawa kimbilio la vitabu vya waamini wengine waliokuwa wameuawa. Hatuhitaji kuongeza neno juu ya jambo hilo.

5. Msomaji alipotafuta kitabu

Mwaka 1956, baada ya kifo cha Stalin, rabi wa Moscow, Shlomo Schliefer, aliruhusiwa kutoa kitabu cha sala kwa kupiga picha kurasa za vitabu vya zamani. Kwa karibu miaka thelathini kitabu cha namna hiyo hakikuwa kimechapwa nchini. Nakala zilikuwa elfu chache kwa watu zaidi ya milioni mbili. Mwaka 1957 ilifunguliwa pia shule ndogo ya dini katika sinagogi kuu la Moscow, lakini wanafunzi wengi walikuwa wametoka Georgia, na baada ya miaka michache walinyimwa ruhusa ya kukaa mjini. Shule ikabaki jina.

Mwaka 1963 lilitokea jambo la ajabu. Serikali ilichapa mjini Moscow kamusi ya Kiebrania na Kirusi yenye maneno 28,000, iliyotungwa na mwalimu mzee Feliks Shapiro. Yeye mwenyewe alikuwa amefariki mwaka 1961. Wakubwa walifikiri itawafaa wanabalozi na wataalamu. Vijana wa Kiyahudi waliitafuta kwa udi na uvumba, wakajifunza kwayo lugha ya babu zao jikoni na vyumbani, milango ikiwa imefungwa.

Kutokana na vijana hao walitokea walimu. Yosef Begun aliomba atambuliwe kisheria kuwa mwalimu wa Kiebrania na alipe kodi. Alikataliwa, na mwaka 1977 alihukumiwa kwa kosa la kuishi bila kazi. Mwaka 1983 alihukumiwa tena, miaka saba gerezani na mitano uhamishoni, mpaka alipoachiliwa mwaka 1987. Natan Sharansky, aliyefungwa tangu mwaka 1977, alikuwa na kitabu kidogo cha Zaburi alichopewa na mkewe. Waliponyang'anya kitabu hicho gerezani aligoma kufanya kazi, akawekwa katika seli ya adhabu. Mwezi wa Februari 1986, siku ya kuachiliwa kwake, alipoona kwamba hajarudishiwa Zaburi yake alijilaza juu ya theluji, akakataa kupanda ndege mpaka apewe. Wakampa.

6. Yatupasayo

Ndugu zetu, tunatoa mafunzo matatu.

La kwanza: tusipime uhuru wa dini kwa kuhesabu majengo ya sala. Azimio la Ulimwengu la Haki za Binadamu la mwaka 1948, katika ibara ya 18, linataja uhuru wa kufundisha dini pamoja na uhuru wa kuabudu. Umoja wa Kisovieti haukulipigia kura azimio hilo, ulijizuia. Sheria yoyote inapoletwa mbele yetu, tuulize: Inasema nini juu ya mwalimu? Inasema nini juu ya mtoto? Inasema nini juu ya vikundi vya akina mama na vijana?

La pili: haki ya jirani ni amana kwetu. Ulpis hakungoja vitabu viwe vya dini yake. Tukisikia kwamba msikiti, kanisa au madhehebu madogo yananyang'anywa vitabu au yanazuiwa kufundisha, tusiseme ni yao. Ulimi wa kumtetea asiyetuunga mkono ndio unaopima ukweli wa haki yetu.

La tatu: tutunze vya kwetu na tuvisome. Mali bila daftari hupotea bila habari. Lakini daftari nalo, likikosa msomaji, ni karatasi tu. Yaweza kutokea kwamba hakuna serikali iliyotufungia kabati la vitabu, bali tumelifunga sisi wenyewe kwa uvivu, na ufunguo haujulikani ulipo. Wale walipigania ukurasa mmoja wa Zaburi kwa kulala juu ya theluji. Biblia zetu zimelala wapi?

Mungu wa haki na amani awe nanyi nyote.

Maswali ya kujadili katika vikundi

1. Sheria ya mwaka 1929 ilikataza mambo gani ambayo jumuiya yetu huyafanya kila juma? Tungepoteza nini kama yangekatazwa?

2. Kwa nini dola ilihifadhi vitabu lakini ikawaogopa walimu?

3. Je, kuna watu wa dini nyingine karibu nasi ambao haki yao ya kufundisha imevunjwa? Tulifanya nini?

4. Vitabu na kumbukumbu za parokia yetu vinatunzwa na nani, na nani huvisoma?